Kabla Hujalitupa Kabati



Juzi asubuhi nilikuwa nakata Barabara ya 8 pale Ngamiani, juu ya baiskeli yangu kama ilivyo desturi yetu watu wa Tanga, nikakuta guta limeegeshwa mbele ya nyumba moja. Vijana wawili wanatoa makabati ya jikoni. Milango wameifunga kamba ya katani isije ikafunguka njiani, droo wamezibebanisha juu kama kreti za soda. Nikashuka. Mke wangu husema siwezi kupita penye mbao nisiigonge, na kweli siwezi. Nikaugonga mlango mmoja kwa kifundo cha kidole, ukaitika kwa sauti nzito, kavu, sauti ya mti. Palipobanduka rangi nikakwangua kidogo kwa ufunguo. Chini yake palikuwa na wekundu wa mkangazi, umetulia kama jana ulipotoka kwa seremala.

"Haya yanakwenda wapi, wanangu?"

"Kwa mama wa chipsi, mzee. Kuni hizo."

Barazani makabati mapya yalikwisha kufika, yamo kwenye maboksi yake. Boksi moja limepasuka pembeni, nikauona ukingo wa bodi: unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ukavishwa karatasi nyeupe inayong'aa. Sikusema kitu. Nyumba ya watu ile, na fedha ni zao. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Lakini jambo lile limenikaa, na kwa kuwa leo nimepewa dakika zangu hapa kwenye maikrofoni, nalitoa.

Nasema hivi. Makabati mengi ya jikoni yanayotupwa katika mji huu yangali mazima. Kilichokwisha ni rangi, na bawaba zilizoliwa na chumvi, na pengine macho ya mwenye nyumba yaliyochoka kulitazama jiko lile lile miaka 20. Rangi huondolewa ikapigwa nyingine. Bawaba hununuliwa dukani. Kwa fundi anayeijua kazi, jiko hilo hilo linarudi kuwa jipya kwa fedha pungufu sana ya ile ya kununua. Wazee walituachia neno, usiache mbachao kwa msala upitao, na hebu kumbukeni mbachao ni kitu gani: ni ule mkeka uliochakaa hasa. Hawakusema usiache mkeka mzuri.

Isitoshe, mwambao huu haukuanza leo kukifanya upya kitu kwa kukipaka. Aliyekulia Pangani, Moa au Kipumbwi ameona chombo kikipandishwa ufukoni maji ya bamvua. Kinaegemezwa magogo, ubavu unakwanguliwa magamba na chaza, makuti makavu yanawashwa na moto unapitishwa chini ya mbao kuua wadudu, nyufa zinatiwa kalafati ya pamba na mafuta. Halafu inakuja deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta, na watu wanaipaka kwa viganja, ubao kwa ubao, mpaka chombo kinakuwa cheupe tumboni. Hakuna nahodha aliyeona magamba ubavuni akasema tununue jahazi jingine. Na majumbani, mwezi wa Shaabani ukiingia, watu walikuwa wakipiga chokaa kuta zao ili Ramadhani iwakute weupe. Kupaka upya ni mila yetu. Ila jikoni tumeisahau, nadhani kwa sababu makabati ya ukutani yalikuja baadaye, na yalipokuja hatukuyahesabu kuwa sehemu ya nyumba. Tuliyaona kama fanicha, na fanicha mtu huchoka nayo.

Sasa nataka tupande kidogo milimani, maana mbao ile ya Barabara ya 8 ilitoka mahali.

Nyumba nyingi za zamani hapa mjini, za Chumbageni, za Raskazone, za waliokuwa wafanyakazi wa reli na bandari, zimejengewa makabati ya mvule, mkangazi na mninga, na migongo ya plaiwudi. Kiwanda cha Sikh Saw Mills kilikuwa hapa hapa Tanga, na sehemu kubwa ya magogo yake yalishuka kutoka Usambara Mashariki. Miaka ya 1970 na 1980 kazi hiyo ilisaidiwa na fedha na mitambo kutoka Finland. Ukataji ukawa mkubwa kiasi kwamba wataalamu wa misitu na watu wa mazingira walipiga kelele, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukasimamishwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Miti ile haikatwi tena, na haitakiwi kukatwa: mto Zigi unaanzia katika misitu hiyo, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanakuja kwenye mabomba ya mji wa Tanga. Maji utakayooshea kabati lako yanatoka kwenye msitu ule ule.

Kwa hiyo mtu anapompa mama wa chipsi mlango wa mkangazi, anachoma kitu ambacho pesa yake haitakipata tena kwa urahisi. Mbao ngumu iliyokauka miaka 40 jikoni imekwisha kupinda kadiri ya kupinda. Haina mchezo mwingi tena. Seremala yeyote wa hapa atakuambia mbao kavu ya namna hiyo ni adimu, siku hizi analetewa mbao bado inatoa maji.

Haya. Baada ya kusifu, nikiri. Mimi mwenyewe nilijaribu kabati langu likanishinda.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika imekolea. Ramadhani inakaribia, wageni wanakuja, na mimi nina haraka. Nikamchukua kijana mmoja aliyekuwa anapiga rangi ukuta kwa jirani. Akafuta makabati kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akafungua kopo la rangi ya mafuta, nyeupe, akapaka juu ya vanishi ya zamani, jioni kazi imekwisha. Usiku tukafunga milango panya wasiingie. Asubuhi milango miwili imegandana na fremu, kuivuta ikaja na vipande. Mwezi wa pili malengelenge. Mwezi wa tatu rangi ikawa inatoka kwa karatasi nzima, unaishika pembeni unaivuta, inakuja kama ngozi ya nyoka aliyejivua. Mji wetu unataniwa kwa waja leo waondoka leo. Rangi yangu ile ilikuwa mwenyeji halisi wa msemo.

Kijana simlaumu peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia imalizike leo.

Nilichokosea nilikuja kukijua kwa shangazi yangu, pale Chumbageni, miaka 4 iliyopita. Alikuwa na jiko la milango 14 na droo 5, mkangazi mtupu, limepakwa vanishi enzi za marehemu mumewe, na juu ya vanishi moshi wa mkaa na mafuta ya kukaangia samaki wa miaka yote hiyo. Ukiweka kidole kinanata. Watoto wake walioko Dar es Salaam walikwisha mtafutia makabati mapya, bei wametajiwa. Akakataa. Wakampata fundi wa Makorora, mtu mzima kidogo, hana maneno mengi. Mimi nilikwenda kusimamia, nikaishia kuwa mwanafunzi.

Siku ya kwanza hakufungua hata kopo moja la rangi. Alikuja na bisibisi, akatoa milango yote. Kila mlango akauandika namba kwa penseli mahali bawaba inapokaa, ambapo rangi haifiki, na namba ile ile kwenye fremu. Skrubu na vishikio kwenye makopo. Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, milango si sawasawa yote, ya nini namba?" Akamjibu, "Bibi, kwa macho ni sawa. Ikirudi si mahali pake haifungi." Na ni kweli, mbao za miaka mingi kila moja imekwisha kukaa na jirani yake.

Kisha akaosha. Nusu ya siku ya kwanza na nusu ya pili ilikuwa ni kuosha tu: maji ya moto, sabuni ya unga na magadi, brashi ngumu, halafu maji safi mara 2. Mimi nikasema, mbona hatumii mafuta ya taa, yanakata shombo haraka. Akacheka. Mafuta ya taa, akasema, yanaondoa mafuta na kuacha mafuta. Akachovya vidole katika maji akarashia mlango mmoja, tone likasimama duara kama lulu, likateleza. "Hapa bado." Akaosha tena. Mara ya pili maji yakatandaa yakakaa kama kitambaa. "Hapa sasa rangi itashika." Jambo dogo hilo, halina gharama yoyote, na sikulijua mpaka nina mvi.

Na kwetu sisi kuna chumvi. Nyumba iliyoelekea bahari hupokea chumvi kila pepo zinapovuma, inakaa juu ya mbao huioni. Chumvi inavuta unyevu. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani, nayo inaendelea kuvuta maji kupitia rangi, mpaka yale malengelenge yanainuka. Watu wanalaumu kopo. Kopo halina kosa, palikosekana ndoo ya pili ya maji safi.

Siku ya pili jioni na ya tatu ikawa msasa. Namba 120 kwanza, kisha 180. Hakuichimba mbao. Alichotaka ni kuuvunja mng'aro wa vanishi, uso uwe mkavu na mkwaruzo mdogo rangi ipate pa kushika. Mashimo ya vishikio vya zamani na pembe zilizogongwagongwa na sufuria akazijaza filla ile ya magari, akasawazisha. Alipokuja kwenye tabaka la chini akafanya jambo ambalo mpaka leo nawasimulia watu. Alichukua mlango mmoja, nyuma yake, akapaka kipande cha rangi nyeupe moja kwa moja juu ya mkangazi. Asubuhi yake ile nyeupe imekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Mbao nyekundu hutoa rangi yake, mninga nao, mvule nao, na ukizipaka nyeupe bila kuziziba kwanza zinaitia doa kutoka ndani, hata ukipaka mara tano. Ndipo akapiga sila ya kuzibia, ikakauka, akapitisha msasa laini namba 320, akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

Siku hiyo ndipo kompresa ilipoingia. Aliipanga ile milango uani juu ya magogo, akamwagia maji ardhi vumbi lilale. Alianza alfajiri baada ya sala, na ilipofika saa nne amesimama, kwa sababu upepo wa bahari ukishaamka unaleta mchanga na majani. Fremu zilizo ukutani hakuzipuliza. Alizibandika magazeti na tepu kando kando akazipaka kwa brashi na rola ndogo ya sponji. Bunduki ya rangi alikuwa akiipeleka sambamba na mlango, kiganja hakipindi, anaanza kabla ya ukingo na kumaliza baada ya ukingo. Tabaka jepesi. Mimi jicho langu lilitaka liongezwe, likaona mbao bado inachungulia. Akasema, ukitaka ijae mara moja italia machozi. Anangojea siku nzima, anapitisha msasa laini, anarudia. Mara 3. Nimeona kazi za kupuliza ambazo uso unatoka na vishimo kama ganda la chungwa la Muheza. Hiyo ni rangi nzito mno au bunduki iliyosimamishwa mbali mno. Za shangazi zilitoka laini kama kikombe.

Jumla ilikuwa siku 9. Shangazi alilalamika kila siku ya hizo 9, vyombo vimejaa sebuleni, anapikia uani. Bawaba zote zilizokuwa na kutu zilitupwa, zikaja za chuma kisichoshika kutu, na hapo fundi hakukubali kubembelezwa bei. Fedha yote, rangi, bawaba, vishikio vipya na ujira, haikufika theluthi ya bei ya makabati mapya waliyotajiwa watoto. Na alipoondoka aliacha amri: wiki 2 usifute kwa sabuni kali, milango usiibamize. Rangi ikikauka kwa kuguswa haijawa ngumu bado. Hilo ndilo lililogandanisha milango yangu mimi.

Nisije nikasahau majira. Hewa ikijaa maji, rangi za kukauka haraka zinazopulizwa huvaa ukungu mweupe, unaona kama uso umepauka. Masika si wakati wa kazi hii, labda uwe na banda lililofungwa. Kaskazi, kabla ya Machi, ndiyo nafasi. Ikipita, ngoja Juni kwenda mbele, mvua imepungua.

Kuhusu rangi gani, nitasema machache, maana hapo kila mtu na roho yake. Rangi nyeupe ya mafuta huwa ya manjano ikikaa gizani. Ndiyo maana mlango kwa nje unabaki mweupe na ndani ya kabati pamegeuka rangi ya siagi, watu wanadhani ni uchafu, wanasugua bure. Anayetaka weupe wa kudumu amuulize fundi rangi ya maji ya kupaka mbao, ile ngumu, au zile za kuchanganywa na kigumu chake kama za magari. Hizi za kigumu zinadumu kweli, lakini mvuke wake unaingia kifuani na unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakitoshi. Fundi anayezipuliza ndani ya nyumba bila barakoa ya chujio, mzuie, hata kama mwenyewe anasema amezoea. Na huu mtindo wa sasa wa jiko zima kuwa kijivu, mimi sijauelewa. Tuna jua lote hili, tunataka jiko lifanane na wingu.

Sasa kuna jambo si la urembo, nalo nalisema taratibu. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani walipiga marufuku risasi katika rangi za majumbani mwaka 1978. Kwetu ilichelewa: shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilipozipima rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani nchini, ndani ya karne hii, lilikuta baadhi zina risasi nyingi kupita kiasi. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, basi. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Kwa hiyo kabati lililopakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita lisipigwe msasa mkavu, vumbi likatanda jikoni. Tumia msasa wa maji, uso uwe umelowa, unga wake ukusanywe kwa kitambaa na utupwe, usifagiliwe. Watoto na mama mjamzito wawe nyumba ya pili. Na kwa yule mama wa chipsi, naomba mtu amfikishie: mbao yenye rangi ya zamani, au bodi ya gundi, si kuni. Moshi wake unaingia kwake yeye, na unatua juu ya viazi.

Hapa nataka nimtendee haki mwenye kuuza makabati mapya, maana atasema nimemharibia soko. Bodi ina kazi yake. Chumba kikavu, kabati la nguo, rafu za vitabu, inakaa miaka. Na wewe uliye na makabati ya bodi usidhani kupaka rangi hakukuhusu: yakiwa mazima yanapakwa, ila yanataka rangi ya chini inayoshika juu ya uso unaoteleza, na msasa wa subira ili karatasi isitoboke. Jambo lisilowezekana ni bodi iliyokunywa maji. Ikishavimba ukingoni kama mkate uliodondokea chai, hakuna msasa, hakuna filla, hakuna fundi. Skrubu haishiki tena ndani yake. Kabati hilo tupa, na usimruhusu mtu akuuzie rangi ya kulificha. Vivyo hivyo mbao iliyoliwa na mchwa: choma bisibisi, ikizama bila kusukumwa, kabati hilo limekwisha.

Na kuna lile ambalo lisipakwe. Kama mlango wako ni mninga, wenye ile michirizi ya dhahabu na kahawia, na vanishi tu ndiyo imeharibika, nakuomba usiuzike chini ya nyeupe. Uoshe, utoe vanishi, upige msasa, utie mafuta au vanishi mpya isiyo na rangi. Nimeona mtu amepaka mninga rangi ya krimu, nikanyamaza kama nilivyonyamaza Barabara ya 8. Naona nimenyamaza sana mwaka huu.

Tuje kwa mafundi wenyewe. Wapo hapa mjini, ila tumewazoesha kuwa vibarua. Tunamwita mtu anayepaka ukuta tukidhani ni kazi moja. Ukuta unasamehe, mlango wa kabati unautazama kwa pua, asubuhi na jioni, na unaushika kwa mkono wenye mafuta. VETA wanafundisha upakaji rangi, na chuo chao kipo hapa Tanga. Kijana aliyetoka pale, akawa na kompresa ndogo, bunduki nzuri na uani pa kufanyia kazi, ana biashara kwenye kila nyumba iliyojengwa kabla hajazaliwa. Lakini aijue hesabu yake. Asitaje bei kwa kutazama jiko kutoka mlangoni. Ahesabu milango, ahesabu droo, atazame mgongo wa kila kabati, aandike siku ngapi za kuosha na msasa na siku ngapi za rangi, na aandike nani ananunua vifaa. Ugomvi mwingi wa fundi na mwenye nyumba niliousikia mji huu ulianzia kwenye lile neno "tutaelewana".

Na wewe mwenye nyumba, ukitaka kumpima fundi kabla hujampa malipo ya mwanzo, muulize swali moja tu: utaanza na nini? Akisema rangi, mshukuru kwa kuja, mpe chai, aende. Akisema sabuni, kaeni mzungumze. Kama bado una shaka, mpe mlango mmoja, wa kabati lisiloonekana, aufanye kamili, uutumie wiki 3. Uguse na ukucha pembeni. Hapo utakuwa umejua.

Nilipita kwa shangazi Ijumaa iliyopita baada ya sala. Milango 13 iko kama ilivyotoka. Wa 14, ule wa chini ya sinki, umebanduka kidogo pembeni, upana wa kidole gumba, mahali koki inapodondosha maji, na shangazi anasema ni mjukuu aliyeugonga na ndoo. Robo kopo la rangi lililobaki lipo stoo, mfuniko umefungwa vizuri. Jumamosi nakwenda na msasa namba 320 na brashi ndogo, ila kwanza nitengeneze koki.